Kipofu wa Kuzaliwa na Birika la Siloamu: Maana ya Muujiza wa Nabii Isa (a.s.)

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Manabii wote waliomtangulia, Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya Alasiri, alinijia mama mmoja akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Mtoto yule alizaliwa haoni, na mboni za macho yake zilikuwa na weupe. Mama akaniuliza: "Sheikh, nimekosa nini kwa Mola wangu?" Kulikuwa na mtu amemwambia kuwa mtoto analipa dhambi ya wazazi wake. Nami, kwa haraka niliyokuwa nayo, nikamtajia maana ya aya ya 30 ya Suratu Shura, ya kuwa misiba inayotupata ni kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono yetu. Nikamwambia akithirishe istighfari. Akaitikia, akaenda zake.

Aya ni ya haki, lakini mimi niliiweka mahali pasipokuwa pake. Nilikuja kulitambua kosa hilo baadaye, nilipokuwa natayarisha darsa ya tafsiri ya aya ya 49 ya Suratu Aali Imran, inayotaja kuponywa kwa kipofu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama habari hiyo imo pia katika vitabu vya Wakristo. Nikaifungua Injili ya Yohana, sura ya 9, na jambo la kwanza nililolikuta humo lilikuwa ni lile lile swali la mama yule. Makala hii imetokana na darsa hiyo.

NAMNA YA KUZISOMA HABARI ZA AHLUL KITABU

Kabla hatujaingia katika kisa, ni vyema tukumbushane msingi waliouweka wanavyuoni wetu. Habari zilizomo katika vitabu vya waliotutangulia wamezigawa mafungu matatu. La kwanza ni zile zinazoafikiana na Qur'ani na Sunna. Hizo tunazisadikisha kwa sababu ya ushahidi tulio nao sisi. La pili ni zile zinazopingana na yaliyothibiti kwetu, hizo hatuzikubali. La tatu ni zile ambazo dini yetu imezinyamazia. Hizo hatuzisadikishi wala hatuzikadhibishi, bali inajuzu kuzisimulia kwa ajili ya mazingatio. Ibn Taymiyya ameueleza mgawanyo huu, na mwanafunzi wake Ibn Kathir ameufuata katika utangulizi wa tafsiri yake. Asili yake ni Hadithi mbili zilizomo katika Sahihi Bukhari: moja inaruhusu kusimulia habari za Wana wa Israili, na nyingine inakataza kuwasadikisha Ahlul Kitabu au kuwakadhibisha katika yale tusiyo na elimu nayo.

Kisa cha kipofu kina sehemu katika kila fungu. Asili yake, kwamba Nabii Isa (a.s.) aliponya vipofu wa kuzaliwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni jambo tunaloliamini kwa yakini, kwani limetajwa katika Aali Imran aya ya 49 na Al-Maida aya ya 110. Namna alivyoponywa mtu huyu mmoja, na maneno waliyojibizana watu, ni katika yaliyonyamaziwa. Na mna mahali pamoja mwishoni ambapo njia zetu na za Wakristo zinaachana, nasi tutapaeleza panapostahiki.

KISA CHENYEWE

Injili ya Yohana inasimulia kuwa Isa alikuwa akipita njiani katika mji wa Baytul Maqdis, akamuona mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa kwake. Wanafunzi wake wakamuuliza: aliyetenda dhambi ni nani hata mtu huyu azaliwe kipofu, ni yeye au ni wazazi wake? Akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake, bali ni ili kazi za Mungu zidhihirike kwake. Kisha akatema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni, akamwamuru aende akanawe katika birika la Siloamu. Yule mtu akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Ungetarajia baada ya hapo pawe na furaha, lakini kilichofuata ni mahojiano. Majirani walihitilafiana: wapo waliosema ndiye yule aliyekuwa akikaa na kuomba, na wapo waliosema ni mtu aliyefanana naye. Wakampeleka kwa Mafarisayo, nao walikuwa ni watu wa elimu ya sharia. Siku ile ilikuwa ni ya Sabato. Baadhi yao wakasema aliyemponya hawezi kuwa ametoka kwa Mungu kwa kuwa haishiki Sabato. Wengine wakauliza, vipi mtu mwenye dhambi aweze kufanya ishara kama hizi? Alipoulizwa mwenyewe anasemaje juu ya aliyemponya, akajibu kuwa ni Nabii.

Wakaitwa wazazi. Wakakiri kuwa ni mwana wao na kwamba alizaliwa kipofu, ama alivyopata kuona wakasema hawajui, aulizwe mwenyewe maana ni mtu mzima. Msimulizi anaeleza kuwa waliogopa kutengwa na sinagogi. Akaitwa yeye mara ya pili na kutakiwa akiri kuwa aliyemponya ni mwenye dhambi. Akasema hilo yeye halijui; analolijua ni moja tu, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Akaongeza kuwa Mungu hawasikilizi wenye dhambi, bali humsikiliza mcha Mungu afanyaye mapenzi yake. Wakamjibu kuwa yeye amezaliwa katika dhambi tupu, kisha wakamfukuza.

Msomaji azingatie mpangilio huo. Kisa kimeanza na swali la kumtuhumu kipofu dhambi, Isa akalikanusha. Kikaja kumalizika mahojiano kwa tuhuma ile ile kutoka vinywani mwa wanavyuoni, baada ya macho kufunguka. Macho ya mtu mmoja yalipona, lakini dhana mbaya ya watu haikupona. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito mkubwa wa sura hii.

BIRIKA LA SILOAMU NA SILWAN YETU

Mahali penyewe panajulikana. Wenye kulisoma jina la Siloamu wakadhani ni mahali pa mbali na historia yetu wamesahau kuwa ni Silwan, kusini ya Msikiti wa Al-Aqsa. Maji yake yanatoka katika chemchemi ya Gihoni na kupita katika handaki lililochongwa ndani ya mwamba, lenye urefu wa mita 533 hivi, ambalo linanasibishwa na mfalme Hezekia wa karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Isa. Maandishi ya Kiebrania yanayoeleza jinsi wachimbaji walivyokutana katikati yaligunduliwa mwaka 1880, na leo yamo katika jumba la makumbusho mjini Istanbul.

Kwa muda mrefu watu walioneshwa birika dogo lililokuwa karibu na mabaki ya kanisa la karne ya 5. Mwaka 2004, wakati wa kazi ya kutengeneza bomba la maji machafu, zikafichuka ngazi za mawe za birika kubwa zaidi la zama za Nabii Isa. Waliochimba walikuwa ni wanaakiolojia Ronny Reich na Eli Shukron.

Sisi Waislamu nasi tuna habari na mahali hapo. Al-Maqdisi, mwanajiografia mwenyeji wa Baytul Maqdis aliyeandika kitabu chake mwaka 985, anasema kuwa chemchemi ya Silwan ilinywesha mabustani makubwa ambayo Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) aliyaweka wakfu kwa ajili ya masikini wa mji. Na Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika huko mwaka 1047, anataja kuwa watu walisema mwenye kuoga kwa maji yale hupata nafuu ya maradhi yake. Ameeleza pia kuwa mji ulikuwa na bimaristani nzuri, yaani hospitali, yenye wakfu wake na matabibu waliolipwa mishahara kutokana na wakfu huo. Tuyazingatie haya: mahali ambapo watu waliamini kuna maji ya kuponya, Waislamu hawakutosheka na maji. Waliweka na tabibu, na wakamlipa.

Kuna nukta moja ya lugha. Mwandishi wa Injili amelifasiri jina la Siloamu kuwa maana yake ni "aliyetumwa". Mwanafunzi wa Kiarabu akilisikia neno hili moja kwa moja atakumbuka "mursal" na "rasul". Wafasiri wa Kikristo wanaona hapo pana ishara ya kumhusu Isa mwenyewe kuwa ni aliyetumwa na Baba. Nasi kwetu cheo cha Isa katika Qur'ani ni hicho hicho cha utume: ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Neno ni moja, ingawa kila upande una ufahamu wake.

NENO "AKMAHA" NA NENO "AYA"

Qur'ani haikutumia neno la kawaida "a'ama" katika aya hizi mbili, bali imetumia "akmaha". Wafasiri wamehitilafiana katika maana yake. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kuwa ni mwenye kuona mchana asione usiku. Wengine wamesema kinyume chake. Na wengine wamesema ni mwenye macho dhaifu. Ama kauli iliyo mashuhuri ni kuwa ni mtu aliyezaliwa kipofu. Ibn Kathir ameichagua kauli hii na akatoa sababu: hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi katika muujiza na katika kuwashinda wapinzani. Ugonjwa wa macho wa kupita huenda tabibu akaudai ni wake, lakini aliyezaliwa haoni ni jambo jingine. Na kipofu wa Injili ya Yohana anatoa hoja inayokaribiana na hiyo, anaposema kuwa tangu zamani haijasikiwa mtu kuyafumbua macho ya aliyezaliwa kipofu.

Neno la pili ni "aya". Katika Aali Imran, Isa anawaambia Wana wa Israili kuwa amewajia na aya kutoka kwa Mola wao. Neno "mu'jiza" tunalolitumia leo ni istilahi iliyowekwa baadaye na wanavyuoni wa ilmu l-kalam. Qur'ani yenyewe inasema aya, yaani ishara. Na la kushangaza ni kuwa Injili ya Yohana nayo, katika Kigiriki chake, inayaita matendo haya "ishara". Wafasiri wengi wanahesabu ishara saba ndani ya kitabu hicho, na kuponywa kwa kipofu huyu ni ya sita.

Ishara huelekeza kwenye kitu kingine. Mtu anayesimama chini ya kibao cha njiani akakishangaa na asiende kinakoelekeza, hajanufaika nacho. Wakristo wanasema ishara hii inaelekeza kwa Isa kuwa ni nuru ya ulimwengu, na wengi katika zama zao za mwanzo waliona katika kule kunawa mfano wa ubatizo. Sisi tunasema inaelekeza kwa Yule aliyempa Isa idhini. Ndiyo maana katika aya ya 110 ya Al-Maida neno "kwa idhini yangu" limekaririwa mara nne: katika kuumba umbo la ndege kwa udongo, katika kulifanya ndege, katika kuponya kipofu na mwenye mbaranga, na katika kuwatoa wafu. Kukariri huko si kwa bure. Ni kumwekea mwanadamu mpaka ili mapenzi yake kwa Nabii yasimvushe.

UDONGO NA MATE

Watu wengi huuliza: kwa nini tope? Kama ni muujiza, si neno lingetosha? Irenaeus, mwanachuoni wa Kikristo wa karne ya 2, alijibu kuwa ni ishara ya kuumbwa Adam kwa udongo: Aliyemuumba mwanadamu kwa udongo ndiye anayekamilisha kwa udongo kile kilichokosekana. Ufahamu huu hauko mbali na tunavyoamini sisi juu ya asili ya Adam (a.s.).

Lakini Muislamu ana sababu nyingine ya kutoshangaa. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Mama Aisha (r.a.), imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimsomea mgonjwa dua inayotaja mambo matatu: udongo wa ardhi yetu, mate ya mmoja wetu, na kupona mgonjwa wetu kwa idhini ya Mola wetu. Imam Nawawi ameeleza kuwa mwenye kusoma huchukua mate yake kwa kidole cha shahada, akakiweka juu ya udongo ukanata kidogo, kisha akapangusa mahali penye maumivu huku akisoma. Na katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, Ali (r.a.) alikuwa anaumwa macho; Mtume (s.a.w.) akamtemea mate machoni, akamuombea dua, akapona papo hapo. Hadithi hiyo nayo imo katika Bukhari na Muslim.

Hivyo udongo na mate ni sababu dhaifu kabisa. Hakuna tabibu anayetibu upofu wa kuzaliwa kwa tope. Akili inasema tope lingezidisha madhara. Hekima iko hapo hapo: pale sababu inapokuwa dhaifu, mtu mwenye akili hatasema tope ndilo lililoponya. Atatafuta ni nani aliyeponya. Na dua ya Mtume (s.a.w.) inamalizia kwa kumtaja: ni kwa idhini ya Mola wetu.

MAS'ALA YA SABATO

Hapa ndipo sura hii inapowahusu mno wanafunzi wa fiqhi. Mafarisayo hawakubuni hoja yao. Katika Mishna, kitabu cha sharia za Kiyahudi kilichokusanywa karibu mwaka 200, zimeorodheshwa aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato, na kukanda ni mojawapo. Kuchanganya udongo na mate kunaweza kuingizwa katika kukanda. Kitabu hicho hicho kinaruhusu kuivunja Sabato ikiwa pana hofu ya mtu kupoteza uhai. Lakini kipofu huyu hakuwa anakufa. Amekaa na upofu wake tangu kuzaliwa. Kwa nini asingoje mpaka jua lizame?

Kwa lugha yetu tungesema: waliona si dharura bali ni haja. Na katika kanuni za fiqhi ya Kiislamu imo inayosema kuwa haja, iwe ya wote au ya baadhi, huweza kuteremshwa daraja ya dharura. Mfano ulio karibu na maudhui yetu ni huu: mtu anaumwa jicho, naye anaweza kusimama katika Swala. Tabibu mwaminifu akamwambia kuwa akiswali kwa kulala chali matibabu yatawezekana. Je, aache kisimamo, nacho ni nguzo ya Swala? Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama alivyoibainisha Nawawi, ni kuwa inajuzu kufanya hivyo. Jicho la mja lina uzito katika sharia hata nguzo ya ibada ikapewa badala yake kwa ajili ya kulihifadhi.

Wala tusiwahukumu Mafarisayo wote kwa pamoja. Injili yenyewe inasema waligawanyika. Na Isa, wanafunzi wake, kipofu na wazazi wake wote walikuwa ni Wana wa Israili. Haya yalikuwa ni mabishano ya nyumba moja. Kosa la wale waliomfukuza kipofu halikuwa kuijali sharia, kwani kuijali sharia ni sifa njema. Kosa lao lilikuwa ni kulifanya tawi livunje shina: mbele yao alisimama mtu aliyekuwa haoni sasa anaona, nao wakashughulika na tope. Na kila anayekaa kitini kutoa fatwa, mimi nikiwa wa kwanza, ajiulize ni mara ngapi amelijibu swali la mtu bila kumtazama mtu mwenyewe.

NJIA ZINAPOACHANA

Tumeona kuwa kipofu alipoulizwa alisema aliyemponya ni Nabii, na kuwa Mungu humsikiliza mcha Mungu. Maneno hayo Muislamu anayakubali. Mwishoni mwa sura, Isa anakutana naye tena na kumuuliza kama anamuamini "Mwana wa Adamu". Nakala za baadaye zimeandika "Mwana wa Mungu", lakini hati kongwe za Kigiriki zina lile la mwanzo. Kisha imeelezwa kuwa yule mtu aliamini na akamsujudia. Aya hiyo ya 38 haimo katika baadhi ya hati za zamani, ikiwemo maandishi ya awali ya Codex Sinaiticus ya karne ya 4, ingawa imo katika hati nyingi.

Kwa Wakristo hicho ndicho kilele cha kisa. Sisi hatumuabudu Nabii yeyote, na Isa katika Qur'ani anajitambulisha kuwa ni mja wa Mwenyezi Mungu tangu akiwa mchanga. Tuliseme hili kwa uwazi na kwa adabu, bila ya kumkejeli jirani. Tunaahidiwa ujira katika kujadiliana kwa njia iliyo bora, hatuahidiwi ujira katika kebehi.

JIBU LA SWALI: NANI ALITENDA DHAMBI?

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi, nalo ndilo swali la mama yule. Katika vitabu vya Wana wa Israili wenyewe kulikuwa na pande mbili: Kitabu cha Kutoka kinataja uovu wa baba kupatilizwa kwa watoto, na Kitabu cha Ezekieli sura ya 18 kinasema mwana hatachukua uovu wa baba yake. Qur'ani imelikata shauri: katika Al-An'am 164, Al-Israa 15, Fatir 18 na An-Najm 38 imethibitishwa kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim inasema kila mtoto huzaliwa katika fitra. Basi mtoto aliyezaliwa haoni hana dhambi yake, wala habebi ya mwenziwe.

Ama aya ya 30 ya Suratu Shura, inawasemesha wenye kukalifishwa na sharia, watu wenye mikono iliyochuma. Na hata kwao si kila msiba ni adhabu, kwani Nabii Ayub (a.s.) alipewa mtihani ilhali ni Nabii. Mtu anaweza kuisoma aya ile kwa ajili ya nafsi yake, akajihesabu. Kumsomea mwenye msiba ili kumhukumu, hilo si lake, kwa sababu ni kudai elimu ya ghaibu.

Badala yake, sharia imetufundisha kumbashiria. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.), Mwenyezi Mungu ameahidi kuwa mja aliyejaribiwa kwa kupoteza macho yake mawili akasubiri, badala yake ni Pepo. Tena ametufundisha kumtukuza: Suratu Abasa imeshuka kwa ajili ya kipofu, Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a.), naye akawa muadhini wa Mtume (s.a.w.) na mwakilishi wake mjini Madina akaswalisha watu. Itban bin Malik (r.a.) naye aliwaswalisha watu wake akiwa haoni. Kwa hiyo madhehebu yetu yanasema kipofu na anayeona ni sawa katika uimamu. Na Suratul Hajj aya ya 46 imebainisha kuwa upofu unaoogopewa ni wa mioyo iliyomo vifuani, maana inayokaribiana na maneno ya Isa yanayoifunga sura ya 9 ya Yohana.

MAFUNZO KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Kwanza, tusimtuhumu mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, wala tusiwaachie wengine wamtuhumu mbele yetu.

Pili, kisomo ni Sunna, lakini kina masharti. Ibn Hajar amenukuu makubaliano ya wanavyuoni juu ya matatu: kiwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa zake, kiwe kwa Kiarabu au lugha inayofahamika maana yake, na iaminiwe kuwa hakiathiri kwa dhati yake bali kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Anayejitangaza kuwa huponya vipofu kwa malipo ya kutangulizwa, akiwa kwenye jukwaa la mahubiri au kwenye kilinge chenye misahafu, ampimwe kwa mizani hii. Isa (a.s.) hakumtoza kipofu kitu.

Tatu, tuhimize tiba. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, kama ilivyo katika Hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Weupe katika mboni ya mtoto mchanga mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huweza kufanyiwa upasuaji. Lakini una wakati wake: ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na akicheleweshwa, hata jicho likisafishwa huenda asione vizuri. Weupe huo pia huweza kuwa dalili ya uvimbe mbaya ndani ya jicho. Kwa vyovyote vile, mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa macho bila ya kungoja. Dua isomwe njiani.

Hili ndilo nililomnyima mama yule. Sikumuuliza kama mtoto amepelekwa hospitali. Nilipomtafuta baadaye kwa kupitia akina mama wa msikiti, nikaambiwa mjomba wa mtoto alikuwa ameshampeleka, akafanyiwa upasuaji. Anaona mwanga, na anamtambua mtu kwa umbo lake akiwa karibu. Madaktari walisema angeletwa katika miezi ya mwanzo ingekuwa bora zaidi. Nikamwomba mama radhi, nikamwambia lile nililopaswa kumwambia siku ya kwanza: mama, hukukosa kitu, wala mwanao hakukosa. Akalia, kisha akaniuliza kama mtoto wake anaweza kuanza chuo. Nikamwambia aje Jumamosi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kuona, na atusamehe pale ndimi zetu zilipotangulia elimu zetu. Wallahu a'lam.